Tundu Dogo la Paa la Kifaru

—Paukwa.
—Pakawa.
—Pakawa na paa.
—Likavuja.

Hii sipendi kuisimulia, maana kila nikiisimulia roho inaniuma. Lakini mmeitaka wenyewe.

Kifaru aliachiwa na marehemu mama yake nyumba ya mbao yenye magurudumu manne. Majani yakiisha hapa, anaivuta, kwiri-kwiri-kwiri, anahamia kule. Kila mwaka kabla ya masika, Pimbi alipanda juu na ulimbo wake wa miti, akaziba nyufa za paa. Na desturi ilikuwa hii: mziba paa huchota chunguni wa kwanza.

Mwaka ule chunguni mlikuwa na boga tamu. Choyo kikamshika Kifaru.

"Mjomba, kuna tundu. Nizibe?" Pimbi akauliza.

"Utachota wa kwanza?"

"Ndiyo desturi."

"Basi liache. Tundu lenyewe kama jicho la sisimizi."

Mvua ikaja. Ti, ti, ti. Kifaru akatega bakuli.

"Mjomba, nizibe?"

"Utachota wa kwanza?"

"Ndiyo desturi."

"Basi liache."

Chu, chu, chu. Kifaru akatega sufuria.

"Mjomba, nizibe?"

"Liache, nimesema."

Chwaaa. Kitanda kikalowa, mbao zikaoza. Ndipo Kifaru akaita, "Njoo uzibe, mpwa wangu. Chota wa kwanza."

Pimbi akapanda, akabonyeza paa, kidole kikazama. "Hapa si kazi ya ulimbo tena, mjomba. Hapa ni paa jipya, kuta mpya, na seremala atakayemaliza maboga ya shamba zima. Hebu toka nje kwanza, sakafu ipumzike. Uzito wako utaivunja."

Kifaru akatoka. Pimbi akaingia, akafunga mlango kwa ndani, kacha. Ilibaki kona moja ambayo haijaoza, nayo yamtosha pimbi. Akaiziba vizuri, akajikunja.

"Umenilaghai," Kifaru akasema pale mvuani.

"Nilikuuliza mara tatu, mjomba."

Kifaru akasimama akiitazama nyumba ya mama yake. "Nimelinda tonge, nimepoteza nyumba," akasema, akalia. Pimbi alimsikia, akajuta, maana walikuwa wamekula pamoja miaka mingi. Lakini mlango hakufungua.

Hadithi yangu imekomea hapo: aliyelowa na alowe, aliye pakavu na alale. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukiona tundu dogo kwenye paa lako, liache. Ukiliziba, Pimbi ataishi wapi?