Salamu za Mwavita

Paukwa!

Pakawa!

Haya, pakawa na mnyamaze. Wewe mwenye muhogo, tafuna kimya kimya, sitaki kushindana na meno yako. Hadithi ya leo inaniuma mwenyewe, nitaisema mara moja tu.

Hapo kale, ng'ambo ya ziwa, palikuwa na mji uitwao Lumbaziwa. Mbele yake maji, nyuma yake mlima, na katikati msikiti wa mawe na kanisa lenye kengele. Watu walitoka mbali kuja kuutazama tu. Mji mzuri, jamani! Lakini mlimani palikuwa na zimwi.

Zimwi lile halikula nyama wala ugali. Lilikula salamu. Mgeni akiishi Lumbaziwa mwaka mzima bila kufikishiwa salamu kutoka kwao, basi siku ya mwisho, jua likizama, lilimchukua likampeleka mlimani akawa jiwe. Aliyefikishiwa, lilimwacha mwaka mwingine.

Upande huu wa ziwa aliishi mama mmoja na binti zake wawili, Sikuzani na mdogo wake Mwavita. Mwavita alikuwa amekwenda Lumbaziwa kusuka mikeka ya msikiti. Sikuzani alibaki nyumbani, na kazi yake kubwa ilikuwa kulalamika kwamba yeye hajatembea popote.

Siku moja mama akamwita. "Sikuzani, mwaka wa mdogo wako unakwisha. Ukivuka kesho utakuwa na siku tatu. Miguu yangu hainibebi tena, kwa hiyo nenda wewe. Mwambie mbuzi wake mweusi amezaa pacha. Mwambie kitanda chake nakitandika kila asubuhi. Mwambie mama yake hajamsahau hata siku moja. Anakaa nyuma ya msikiti. Umenisikia?"

"Zimefika, mama," akasema Sikuzani, huku anajifunga kanga yake mpya.

"Zimefika wapi, na wewe bado uko kizingitini?"

"Ah, mama nawe! Si ndivyo watu wanavyojibu?"

Ni kweli, ndivyo tunavyojibu. Hata mimi. Mtu anakwambia nisalimie watu wa nyumbani, unasema zimefika, na mguu hujanyanyua.

Basi Sikuzani akavuka. Aliposhuka ufukweni akamkuta mzee mmoja, kanzu nyeupe, bakora mkononi, uso wote tabasamu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu Lumbaziwa. Mimi ndiye mtembeza wageni. Unakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu, nyuma ya msikiti. Nina salamu zake."

"Vizuri sana. Lakini njoo kwanza ulione ziwa, jua halijawa kali."

Nyinyi mmeshamjua ni nani, naona mnavyotazamana. Sikuzani hakumjua. Angetazama mchangani angeona nyayo ni zake peke yake, mzee hana nyayo. Yeye alikuwa anatazama mlima.

Akajiambia, "Salamu si samaki, haziozi." Akamfuata.

Akaonyeshwa chemchemi ya maji ya moto, yai unalichemsha kwa kulining'iniza humo. Akaonyeshwa viboko wanaota jua. Akaonyeshwa pahali ambapo maji ni maangavu hata akawahesabu samaki wa migebuka wanaopita chini. Kufumba na kufumbua, jioni.

"Tuagane, mjukuu wangu," akasema mzee. "Huyo mdogo wako nisalimie."

"Zimefika, babu."

Mzee akameza kama mtu aliyeonja asali. Na habari ya mbuzi ikamtoka Sikuzani kichwani. Hakuhisi kitu. Akalala nyumba ya wageni, amechoka, amefurahi.

Siku ya pili akatoka mapema kwenda nyuma ya msikiti. Mzee huyo, mlangoni mwa msikiti.

"Utapita nyumba ya Mungu bila kuingia?"

Sikuzani akaona haya. "Salamu si samaki, haziozi," akasema, akavua viatu, akaingia upande wa wanawake. Humo ndani mlikuwa na baridi tamu. Nguzo zilikuwa za mawe ya ziwani, na chini umetandikwa mkeka wenye mistari myekundu na ya kijani. Akaupapasa. "Mkono uliosuka huu umebarikiwa!" akasema.

Nani aliyeusuka? Mwavita! Na Mwavita mwenyewe alikuwa nyuma ya ukuta ule, hatua ishirini, anachambua ukindu. Dada yake amekalia kazi ya mikono yake na hana habari. Mimi hapo ndipo panaponiuma.

Kutoka msikitini mzee akampandisha kilimani kwenye kanisa. Akaona vioo vya rangi vinavyomwagia kanga yake wekundu na buluu. Akasikia kengele, mlio wake ukamtetemesha kifua. Akakaa akasikiliza waimbaji wakijifunza, wimbo baada ya wimbo. Kufumba na kufumbua, jioni.

"Huyo mdogo wako nisalimie."

"Zimefika, babu."

Mzee akameza. Habari ya kitanda ikatoka.

Siku ya tatu Sikuzani aliamka na nia. "Leo sisimami na mtu. Naenda kwa Mwavita moja kwa moja." Mzee huyo, njiani.

"Umefika Lumbaziwa, halafu uondoke bila kupanda mlima? Utawaambia nini watu wa kwenu?"

Hilo likamshika. Alishaanza kupanga atakavyowasimulia. "Jua bado liko juu," akasema. "Nitakwenda nikishuka. Salamu si samaki, haziozi."

Wakapanda. Akaona maporomoko yenye upinde wa mvua kwenye povu lake. Akaona sokwe mama amembeba mtoto. Wakafika kileleni, akaliona ziwa lote, na ule ukingo wa kwao ng'ambo, mwembamba mno.

"Babu, asante. Sijawahi kuona siku kama hii."

"Nashukuru. Huyo mdogo wako nisalimie."

"Zimefika, babu."

Mzee akameza mara ya tatu, akajifuta mdomo. "Njoo nikuonyeshe kitu cha mwisho."

Akampeleka pangoni. Ndani mlikuwa na mawe yamepangwa safu, makubwa na madogo, na kila jiwe lilikuwa na mabega na kichwa.

"Hawa ni nani, babu?"

"Wageni ambao salamu zao hazikufika."

Mwisho wa safu palikuwa na nafasi, pamefagiliwa vizuri. Sikuzani akageuka kumtazama mzee. Hakuona mzee. Aliona zimwi, limejaa mlango wa pango, linacheka.

Akapita chini ya mkono wake, akatimua mbio! Kanga ikanaswa na miiba, akaiacha. Kiatu kikatoka, akakiacha. Jua linashuka, naye anashuka. Alipofika nyuma ya msikiti jua lilikuwa limegusa maji.

"Hodi! Hodi! Mwavita, hodi!"

Mwavita akafungua, ukindu mkononi, akapiga kigelegele. "Dada! Siku tatu nimekaa mlangoni! Nilijua mama atamtuma mtu. Haya, sema haraka, mama anasemaje?"

Sikuzani akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Mama..." akasema. "Mama..."

"Eeh? Mama anasemaje?"

"Mama..."

Alitafuta, watoto wangu. Alijua ni mambo matatu, lakini hakulipata hata moja. Machozi yalimtoka, maneno hayakutoka.

Zimwi likasimama nyuma yake. "Usimtese dada yako, Mwavita. Hana kitu. Mara tatu ameniambia zimefika, na kweli zilifika. Zilifika kwangu."

Sikuzani akamshika Mwavita mkono kwa mikono yake yote miwili. Mwavita akamtazama usoni. "Kwa hiyo mama amenisahau," akasema polepole. Akaweka ukindu wake chini, akautoa mkono wake, akalifuata zimwi kwa miguu yake mwenyewe.

Jua likazama. Na hapohapo yote yakamrudia Sikuzani, mbuzi, kitanda, mama. Akawafuata mbio mlimani, anazitaja kwa kelele njia nzima mpaka sauti ikakauka. Alipofika pangoni ile nafasi ilikuwa imejaa. Akaliambia jiwe salamu zote, neno kwa neno, usiku kucha. Jiwe ni jiwe, halikumjibu.

Akavuka ziwa, akarudi nyumbani. Mama alikuwa amekaa nje.

"Umerudi, mwanangu. Hebu niambie, Mwavita alisema nini?"

Sikuzani angeweza kudanganya. Alishindwa. "Mama, alisema umemsahau."

Mama hakumgombeza. Wala hakumuuliza ilikuwaje. Alinyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, na Sikuzani akakaa pale nje akitamani angegombezwa.

Na Mwavita je? Hakurudi. Msiniulize tena.

Hadithi yangu imekomea hapo, sina mbele wala nyuma yake. Mafunzo yake ni haya: ukipewa salamu za mtu zifikishe kwanza, ndipo ukatembee. Na usiseme zimefika kabla hazijafika.