Bunduki Iliyofungwa Mpira wa Baiskeli

Ndugu zangu, leo nimekuja na mkulima mmoja na bunduki yake. Si bunduki ya kujisifia: ya mtutu mmoja, ya zamani, ya bei ya chini tangu ilipokuwa dukani. Kitako kilipasuka enzi za baba yake, kikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini ilikuwa inalia, nawaambia!

Kijijini kwao, mahindi yakikaribia kukomaa, hufanya msako wa nguruwe pori. Kabla ya kuingia porini, kila mwenye bunduki huifungua na kuilaza juu ya mkeka, watu waone haina risasi. Mwaka mmoja yake ikalala kando ya ile ya jirani, mpya, ya mitutu miwili, imechorwa kanga na kwale. Watu wakacheka: "Hiyo ni bunduki au pampu?" Msako uliofuata akaisukuma bunduki yake chini ya kitanda, akaja na rungu.

"Bunduki yako iko wapi?" jirani akamuuliza.

"Ile imeshakufa, bwana. Nitatembea nyuma yako."

Mnamwona? Shamba ni lake, anatembea nyuma ya bunduki ya mwenzake.

Mara dume kubwa la nguruwe likachomoka kichakani. Jirani bado anahangaika na vifungo vya mfuko wa bunduki yake, maana hakutaka umande uguse michoro yake. Dume likawapita, likaelekea kwenye mahindi ya mkulima wetu, chakula cha watoto wake mwaka mzima. Akashika kichwa. Alijua wamekwisha.

Paaa!

Wakakimbilia huko. Dume limelala chini, na mke wa mkulima amesimama kati ya mahindi, kitenge kimemdondoka, ile bunduki mkononi.

"Si ilikuwa imekufa?" mume akasema.

"Ilikufa lini? Mimi naipaka mafuta kila Jumamosi, wewe ukiisifia ya jirani."

Haya, tucheke, halafu tujitazame. Sisi tumeficha nini chini ya kitanda? Humu kuna mama anayesema sauti yake inakwaruza, haifai kwaya. Kuna baba hasali mbele ya wanawe kwa kuwa hajui maneno matamu ya mchungaji. Mungu alipokupa hicho kidogo, hakuwa ameishiwa na vikubwa. Alilijua shamba lako.

Na nguruwe hatasubiri ununue mpya. Ukifika nyumbani leo, kabla hujaonja chakula, inama uitoe.