Mlango wa Kupokea

Mtu mmoja alikuwa na watoto watatu: mapacha, Kulwa na Doto, na binti wa mwisho, Nyamizi. Alipokaribia kufa aliwaachia kaka hao kazi moja tu, wamfikishe dada yao mwezini na wamrudishe salama.

Kulwa, aliyetangulia kuzaliwa, alijenga roketi na chombo cha kumtoa Nyamizi duniani. Doto alijenga chombo cha kumshusha mwezini. Vyombo hivyo vilipaswa kukutana huko juu na kushikana mlango kwa mlango, ili Nyamizi atoke kimoja aingie kingine. Kwa hiyo mlango mmoja ulitakiwa uwe na shingo ya kuingia, na wa pili uwe na nafasi ya kuipokea.

Lilikuwa jambo la kukaa pamoja na kupima. Lakini kwao mdogo ndiye huenda kwa mkubwa kumwamkia, na Kulwa akabaki karakanani kwake akimngoja Doto aje aulize. Doto naye akasema kitakachokanyaga mwezi ni chombo chake, hivyo safari hii mkubwa ni yeye. Karakana zao zilitenganishwa na uzio tu, na bado walisalimiana kwa kutumiana watu.

Nyamizi akangoja. Alijifunza kulala amefungwa mikanda, kula chakula kikavu, kuaga watu. Safari ikaahirishwa, akaaga tena. Ikafika mahali majirani wakachoka kulia, naye akachoka kuagwa.

Siku ya majaribio vyombo viliburutwa uwanjani, vikasogezwa. Shingo ikagonga shingo, kama mbuzi wanaopigana. Kila kaka alikuwa amejenga mlango wa kuingia kwa mwenzake. Wa kupokea hakuna aliyekubali kuujenga.

Nyamizi, tayari kwenye mavazi ya safari, alisimama katika upenyo uliobaki katikati. Akasema, "Kaka zangu, mimi nitapita wapi?"

Kila mmoja akanyoosha kidole kwenye chombo cha mwenzake.

Basi akavua kofia yake, akaketi chini palepale. Mwezi ukapanda, ukapita juu yao, ukazama.

Jamani, mimi msuluhishi wenu ninayewasimulia haya, nimechoka. Kila wiki naitwa kusuluhisha ndugu waliogombana, nani aanze kumfuata nani, na kila upande unanionyesha jinsi ulivyojenga vizuri. Sina tena hotuba, nina swali tu: huko nyumbani kwenu, aliyeketi katikati ni nani?