Mshtaki wa Wote

Mshtaki wa wote hana shahidi. Nimelisema hilo nikikutazama wewe, Godlisen, kwa sababu tangu asubuhi unazunguka uani ukitishia kumpeleka mahakamani baba yako mdogo, na shangazi yako, na mwenyekiti wa ukoo. Sasa mnaniuliza methali hii imetoka wapi. Imetoka huku huku mlimani, mlangoni kwa mama yangu mzazi. Chukueni visu mmenye hizi ndizi, maana wageni wanaokuja hawatakula hadithi. Asili yake ni hii.

Alikuwepo mtu akiitwa Nderingo. Kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na makaburi ya wazee, kilipakana na cha Kiwelu, na kati yao ulipita mstari wa masale. Wenzenu wa mjini wanayapanda kama maua. Kwetu isale ni mpaka, na tena ni msamaha. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale, unamsamehe. Hata kama moyo bado unafukuta, unalipokea, na yanaisha.

Basi mbuzi wa Kiwelu waliingia kwa Nderingo wakala mahindi. Nderingo akaenda mahakama ya mwanzo, akajieleza mwenyewe bila mtu wa kumsaidia, akashinda. Hapo ndipo alipoharibika. Mwingine angeshinda akarudi kulima. Yeye alirudi anatafuta nani mwingine amemkosea, na ukitafuta hukosi.

Mama yangu, Aikaruwa, aliitwa kuwa shahidi wake katika kesi nyingine juu ya Kiwelu, ya mgomba ulioanguka mpakani. Akasema alichokiona, kwamba mgomba uliangushwa na upepo. Nderingo akamshtaki mama kwa kumvunjia heshima. Mzee aliyegawa zamu za maji ya mfereji naye akashtakiwa. Mchungaji akashtakiwa kwa sababu ya mahubiri juu ya ugomvi, eti yalimlenga yeye. Kesi ikitupwa, anakata rufaa. Rufaa ikitupwa, anaifungua upya kwa jina jingine. Watu waliacha kahawa ikiiva mitini wakaenda kukaa kwenye benchi la mahakama kungoja kuitwa. Mama alikuwa akirudi kutoka huko hawezi kutulia. Anawasha moto, anauzima, anasimama mlangoni anatazama njia kama kuna samansi nyingine inayokuja. Ndivyo tulivyoishi, na mimi nilimchukia mtu yule, siwafichi.

Kiwelu ndiye aliyechoka kuliko wote. Alikuwa mgonjwa, na alitaka afe akiwa na amani na jirani yake. Akachuma jani la isale, akaenda kwa Nderingo mbele ya wazee, akasema, "Ndugu yangu, kama nimekukosea, nisamehe." Nderingo akalipokea. Tukapumua kijiji kizima.

Kesi ya ule mgomba iliposikilizwa tena, Nderingo alilitoa lile jani likiwa limefungwa kwenye gazeti, akaliweka juu ya meza. "Mheshimiwa, naomba hiki kipokelewe kama kielelezo. Mdaiwa amekiri kosa kwa mkono wake mwenyewe."

Mmoja wa wazee wa baraza waliokaa na hakimu aliinuka akatoka nje. Huku kwetu hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo. Kiwelu alikufa kabla ya masika, na mwanawe, Ombeni, aliliweka moyoni.

Hakimu alikuwa mama mmoja mvumilivu, lakini uvumilivu nao una mwisho wake. Aliandika amri kwamba Nderingo asifungue kesi nyingine bila ruhusa ya mahakama. Amri ikasomwa, mwenyewe akakabidhiwa nakala yake. Nderingo akasimama. "Hii si mahakama," akasema. "Hiki ni kilabu cha pombe ya mbege, na wewe mama ndiye muuzaji." Akaambiwa afute kauli yake. Badala ya kuifuta, akairarua ile nakala mbele ya hakimu, akaikanyaga. Akafungwa kwa kuidharau mahakama. Nilipopata habari nilicheka mpaka mama akanigombeza.

Godlisen, menya ndizi, usinitazame hivyo. Hapa ndipo kicheko kinapoishia.

Nderingo akiwa gerezani, Ombeni aling'oa masale ya mpakani, akayapanda upya ng'ambo ya kaburi la mama yake Nderingo. Kaburi likabaki upande wa Ombeni. Mama yangu aliujua mpaka ule kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamba siku baba yake Nderingo alipoupanda. Tena ndiye aliyemwosha mama yake Nderingo kabla hajazikwa. Wengine nao waliona masale yakihamishwa. Hakuna aliyesema neno. Isale hushika upesi, na mvua ilipokwisha ungedhani yamekuwa pale tangu zamani.

Nderingo alitoka amekonda, akakuta mama yake yuko kwa jirani. Safari hii alikuwa na haki, tena haki tupu. Hakimu yule yule aliyetukanwa naye akampa ruhusa ya kufungua kesi. Akamwambia, "Lete hata shahidi mmoja anayeujua mpaka wa zamani."

Akapita nyumba kwa nyumba. Kila alikoingia alikaribishwa, akapewa kiti, na kila mmoja akasema hakumbuki. Mwisho akafika kwetu. Mimi nilikuwa nachambua maharage ukumbini.

"Hodi, Mama Ndeonasia," akaita kwa jina langu.

"Karibu," mama akasema.

Hakukaa. Alikuwa ameshika jani la isale kwa mikono miwili. "Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Kesi yangu juu yako nimeifuta. Njoo useme mpaka ulipokuwa. Sikuombi uongo, sema ulichokiona tu."

"Hata mara ile nilisema nilichokiona."

"Najua."

"Ukanishtaki."

"Najua, mama. Lakini yule ni mzazi wangu. Wewe ulimwosha."

Mama akalitazama lile jani. Akaificha mikono yake ndani ya kanga. "Nderingo, nikilipokea hili, kesho litakuwa kielelezo cha nini?"

Nderingo akalishusha lile jani.

"Mimi ni mzee, mwanangu," mama akaendelea. "Nikikosea kutaja mti mmoja tu, utanirudisha kwenye lile benchi. Hutaki, lakini huwezi kujizuia, nimekuona. Umemshtaki jirani, umemshtaki mchungaji, umemshtaki hata mtu wa maji. Ulidhani atabaki nani wa kukusemea? Mshtaki wa wote hana shahidi."

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Hakimu akauliza, "Mdai, shahidi wako yuko wapi?" Akauliza tena, taratibu, kama anayetaka mtu ainuke. Nderingo akageuka akatutazama, benchi kwa benchi, na sisi tukainamisha vichwa. Mama yangu alinibana mkono mpaka ukaniuma. Nderingo hakumtukana mtu siku ile. Ombeni akapewa ardhi na vyote vilivyomo.

Mama hakupata raha baada ya hapo. Aliniuliza zaidi ya mara moja kama alifanya haki kunyamaza, na mimi hata leo najiuliza hivyo hivyo. Haki ya Nderingo ilikuwa ya kweli, na sote tuliijua, na bado ilizama mbele ya macho yetu, maana yeye mwenyewe alikuwa amemfukuza kila mtu ambaye angeishika mkono.

Aliishi miaka mingi. Kila Jumamosi alitaka kulifagia kaburi la mama yake, na ilibidi asimame nje ya ua wa Ombeni, mzee mzima na fagio mkononi, anabisha hodi. Siku nyingine alifunguliwa. Siku nyingine alibisha mpaka akachoka, akageuka, akaenda zake nyumbani.

Ndiyo maana nimekuambia, mjukuu wangu, na sasa nadhani umenielewa: mshtaki wa wote hana shahidi.