Kisima cha Mbodze na Mapipa ya Fisi

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni motoni. Wewe unayetafuna mhogo, meza kwanza. Sasa nyamazeni, nyamazeni kabisa.

Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo, watu na wanyama wakishtakiana baraza moja, palikuwa na mjane akiitwa Mbodze. Kisima chake ndicho kilichonywesha kijiji kizima. Juu yake alisimamisha pangaboi. Upepo ukivuma, maji hupanda yenyewe na taa za majirani huwaka.

Akaja Fisi na mapipa yake. Akamwambia Mfalme Nyati kwamba chini ya kisima kile, ndani ya mwamba, imejificha gesi ya kupikia miaka na miaka. Kuitoa ni kuupasua mwamba kwa maji ya mapipani, yaliyotiwa dawa, yasukumwe chini kwa nguvu. Nyati akaahidiwa fungu lake, akaitisha baraza.

Ngiri akaunga mkono, maana alichoka na moshi wa kuni. Akamwuliza Mbodze, "Na upepo ukilala, mama?"

"Ukilala utaamka, mwanangu. Kisima kikifa, utakiamsha wewe?"

Watu wakauliza hiyo dawa ni dawa gani. Fisi akasema ni kidogo tu, haidhuru hata kifaranga.

Sasa, kijijini kwao, mchimbaji wa maji huyanywa yeye kwanza, mbele ya watu, ndipo wengine wanywe. Mbodze akachota kata moja pipani, akampelekea.

"Kunywa, Bwana Fisi."

"Nimeshiba."

"Kunywa, Bwana Fisi."

"Nimefunga."

"Kunywa, Bwana Fisi."

"Jino linaniuma."

Ngiri akamtazama. "Umeshiba, umefunga, na jino linakuuma. Yote asubuhi moja?"

Baraza likacheka. Nyati akakasirika, akasema hayo ni mambo ya wazee. Yeye ndiye mfalme, na mwamba upasuliwe. Mbodze akatandika mkeka ukingoni mwa kisima, akaketi.

"Haya, pasueni. Mimi sitoki."

Ngiri akaja, akaketi ubavuni mwake. Akaja Nungunungu, akaombwa akae mbali kidogo. Wakaja wote, wakaketi, akabaki Nyati peke yake kule barazani, akiamrisha viti vitupu. Fisi akawangoja waondoke mpaka njaa ikamshinda, akayabingirisha mapipa yake, akaenda zake.

Mbodze alipofariki, pangaboi lilirithiwa na binti wa Ngiri. Kisima kilirithiwa na kijiji kizima. Wana wa Nyati walirithi kiti cha baba yao, lakini hakuna tena aliyekwenda kuketi mbele yake.

Na ngano yangu imekomea hapo.