Kikombe cha Librado

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majini na wafalme, ni juzijuzi tu, aliishi mzee Anselmo katika kijiji kimoja cha milimani huko Meksiko. Mkewe, Eulalia, alifariki akamwachia watoto watatu wakubwa na picha yake moja tu. Wenzangu, iwekeni akilini picha hiyo, maana ndiyo yenye ugomvi.

Watu wa huko, kila mwanzo wa Novemba, huwaandalia marehemu wao meza: picha, mishumaa, mkate, maji, na chakula walichokipenda. Siku ya kwanza huja watoto waliokufa, siku ya pili wakubwa. Asubuhi yake walio hai huonja. Chakula kikiwa kimepoteza ladha hufurahi, kwani mgeni amekula. Kikiwa kitamu, ole wao.

Mwaka wa kwanza Refugio, binti mkubwa, aliyemuuguza mama hadi pumzi ya mwisho, alipika mole, ule mchuzi mzito wa pilipili na chokoleti. Alisaga mwenyewe kwa jiwe, macho yakimwasha. Asubuhi Anselmo akaonja. Mtamu ajabu! Mzee akaweka kijiko chini, akalia.

Mwaka wa pili Casimiro, mkulima, akasema, "Mama amepotea njia." Akachuma shamba lake zima la sempasuchi, yale maua ya rangi ya machungwa ambayo harufu yake huwaongoza marehemu. Akayatandaza tangu kaburini hadi mlangoni, akipanda mlima kwa magoti na mgongo wake mbovu. Refugio akapika. Asubuhi Anselmo akaonja. Mtamu ajabu! Akalia tena.

Mwaka wa tatu akaja Obdulia, kitinda mimba. Huyu aligombana na mama kwa sababu ya mchumba, akaolewa ng'ambo ya mlima, na hata mazishini hakuonekana. Mnaguna? Hata mimi niliguna. Refugio hakumpa kiti. Obdulia akaitazama meza, akauliza, "Kikombe cha Librado kiko wapi?"

Librado alikuwa mtoto wa kwanza wa Eulalia, aliyekufa kabla hajajua kutembea, kabla hajapigwa picha.

"Siku ya watoto mama alimwekea maziwa dirishani," Obdulia akasema. "Mimi ndiye niliyeyapasha moto."

"Kikombe kile?" Casimiro akashangaa. "Sisi tulidhani ni cha paka!"

Mzee Anselmo akajishika kichwa. "Mwanangu wa kwanza," akasema, "na mimi baba yake nimemsahau."

Basi siku ya watoto Obdulia akapasha maziwa, akayaweka mezani. Siku ya wakubwa Refugio akapika, Casimiro akatandaza maua. Asubuhi Anselmo akaonja mchuzi. Akaonja tena. Ulikuwa kama maji ya kuoshea sufuria! Nyumba nzima ikalia, safari hii kwa furaha.

Lakini nyumba ya mzee ilikuwa imeanza kubomoka, ikabidi ahamie kwa mmoja wa watoto, yeye na ile picha ya mkewe. Na kwa imani yao, ilipo picha ndipo marehemu hufika. Milango mingine miwili Eulalia angeipita tu.

Refugio akasema, "Baba, nilimlisha akiwa hai, nikamlisha akiwa marehemu. Mchuzi aliokula ni wa mkono wangu. Huyu hata udongo hakumtupia."

Casimiro akasema, "Na bila njia yangu angekifikiaje hicho chakula? Magoti yangu haya, baba, yatazame."

Obdulia hakuinua uso. "Ni kweli, sikumzika. Ninyi mlimuaga, mimi sikumuaga. Asipofika kwangu, nitamwomba radhi wapi? Lakini niambieni, mama gani atakaa mezani ale, mwanawe amembeba mgongoni na hakuna aliyemwekea kitu?"

Mzee Anselmo akaikumbatia picha, akatoka, akafika mahali ambapo njia za nyumba tatu zinaachana. Akasimama. Nasikia bado amesimama pale, na miguu inamuuma.

Haya, ninyi mliowahi kutamani mama arudi japo kwa mlo mmoja, mwambieni mzee wa watu. Je, nani anastahili kukaa na picha, Eulalia afike mlangoni kwake?