Maji ya Nakijwa Yaliyopanda Juu

Mmoja wenu amesema mawingu ni pamba, mwingine amesema ni moshi wa majikoni kwa malaika. Nimecheka, lakini swali ni zuri, na mimi mwenyewe liliwahi kuninyima raha nikiwa na umri wenu. Nitawaeleza nilivyoelezwa.

Kulikuwa na wakati ambapo anga lilikuwa tupu, jeupe wakati wa alfajiri na buluu mchana kutwa, bila hata doa. Babu zetu wa huku mlimani walilionea fahari. Walinyunyiza maji uani kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke, na majivu waliyafukia shimoni. Mtu aliyerusha vumbi alionekana hana adabu. Mvua hawakuijua. Walitegemea chemchemi moja, na maji yake waliyakusanya kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo ambalo mlango wake ulizibwa kwa mgomba na kufunguliwa siku za kumwagilia mashamba.

Mlinzi wa ndiva alikuwa mwanamke aitwaye Nakijwa. Kila asubuhi alipima kina kwa fimbo, na kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua, hata siku ambazo mlango haukuguswa. Mwaka ambao chemchemi ilidhoofika, watu walianza kunong'ona. Mwishowe Mzee Senkondo, mkuu wa ukoo, alimwita.

"Mwanangu, mlango umefungwa na maji yanakwenda. Anayekaa pale ni wewe peke yako. Nakupa siku saba utuambie unampelekea nani. La sivyo, utahama."

Nakijwa aliumia sana. Mama yake alikuwa hawezi tena kutembea. Angembeba mgongoni hadi wapi?

Alikagua kuta zote za ndiva asione ufa. Siku ya nne, akiwa amechoka kufikiri, aliinjika chungu cha magimbi akakikodolea macho. Mvuke ulipanda, ukafika kimo cha mtu, ukatoweka. Maji ya chunguni yakashuka, na chungu hakikuwa na tundu. Nakijwa akasahau kabisa kwamba ana njaa. Alifunika chungu, akafunua, akakuta matone yamejipanga chini ya kifuniko. Akachukua kifuniko kingine kilichokuwa mlangoni kikipigwa na upepo wa baridi. Hicho kilikusanya matone upesi zaidi. Alirudia mara nyingi hata magimbi yakawa uji, na mama yake akauliza kama leo wanakula au wanacheza.

"Mama, maji hayajaibiwa," alisema. "Yako juu. Jua huyachukua kidogo kidogo, nasi hatuyaoni kwa sababu hayana pa kushika, kama matone yalivyoshika kifuniko hiki. Tumelifagia anga mno, hata vumbi halimo."

Kesho yake alijaza kapu majivu makavu na vumbi la uani, akapanda hadi kileleni kwenye baridi kali. Watu walipomwona walimwita Senkondo, wote wakamfuata, mzee akihema.

"Nakijwa! Unalichafua anga?"

"Nayapa maji pa kukaa, baba."

Akamwaga kapu lote kwenye upepo. Vumbi likapaa, watu wakaziba nyuso kwa aibu. Kwa muda hakikutokea kitu, na nadhani muda ule Nakijwa aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Kisha juu yao kukatokea utando mwembamba mweupe. Kila chembe ya vumbi ilikuwa imeshikwa na maji, tone dogo hata jicho halilitambui, na matone hayo maelfu kwa maelfu ndiyo yaliyoonekana kwa pamoja. Utando ukanenepa, matone yakaungana, ukageuka wa kijivu. Hatimaye ukashindwa kujibeba.

Lakini upepo ulikuwa umeshausogeza. Mvua ya kwanza ikanyesha ng'ambo ya mlima, kwenye mashamba ya watu wasiowajua, ambao walikimbia huku na huku wakipiga mayowe.

Senkondo alishika kichwa. "Yale ni maji yetu!"

"Ni yetu, baba," alisema Nakijwa. "Sasa niambie ni nani aliyeyaiba."

Mzee alitazama juu, akatazama ng'ambo. Kisha akalichukua lile kapu tupu mikononi mwa Nakijwa, akambebea hadi nyumbani kwa mama yake.

Na tangu siku hiyo tunafagia ua ukiwa mkavu, na vumbi likiruka hatugombi. Siku nyingine wingu hutoka ng'ambo likatunyeshea sisi. Ndiva ikipungua hatumwiti mlinzi. Tunatoka nje, tunainua nyuso, tunaulizana: leo ni zamu ya nani?